Posa Katika Kibanda cha Ndege

Niliondoka Goma kwa ajili ya posa. Nasema hivyo mapema kabisa, kwa sababu habari iliyonitangulia kwa ndugu zetu wa Butembo ni kwamba Kasereka amevuka bahari kwenda kuangalia ndege, na wapo shemeji zangu ambao mpaka leo wakinipigia simu wanaanza kwa kulia kama kunguru. Ndege niliwaangalia, ni kweli, tena asubuhi nyingi. Lakini si wao walionipeleka.

Kavira, binti wa marehemu kaka yangu, ni muuguzi katika nyumba ya kutunzia wazee huko Ufini. Alienda kusoma, akapata kazi, na baada ya kazi akapata mchumba: Antti, fundi umeme, kijana mpole mwenye ndevu nyekundu. Antti alikubali kila kitu cha kwetu. Alikubali mbuzi, alikubali kanisa, alikubali hata kujifunza Kiswahili chetu cha Goma, na alikuwa anakisema bila woga. Kikwazo kilikuwa kimoja tu. Kwetu sisi Wanande, baba wa kijana ndiye anayetoka kwake, anakuja mbele ya watu wa binti, anaomba kwa kinywa chake. Baba yake Antti, mzee Erkki, ana ugonjwa wa moyo, na daktari amemkataza safari za mbali.

Tulikaa kikao nyumbani kwa Mama Kavira, shemeji yangu, katika mtaa wa Himbi. Yeye ni mjane na Kavira ndiye mtoto wake wa pekee. Aliongea mara moja tu, lakini alifunga mjadala.

"Mutoto mwenye hakuombwa," alisema, "siku wakikosana watamuambia: ulijileta wewe mwenyewe. Mimi sitasema ndiyo mpaka nisikie kama waliomba."

Na Kavira, kwa upande wake, alikuwa ametuambia kwenye simu kwamba bila ndiyo ya mama yake haolewi, hata kama atazeeka pamoja na hao wazee anaowaosha. Basi tukakwama. Ni Shangazi Masika, ambaye hajawahi kukosa neno, aliyepata njia.

"Kama kinywa haiwezi kuja," akasema, "basi sikio iende."

Sikio nilichaguliwa mimi, kwa kuwa ndimi baba mdogo wa binti, na kwa kuwa biashara yangu ya maharagwe ya Rutshuru na samaki wa Vitshumbi msimu ule ilikuwa inalala zaidi ya kuamka. Antti na Kavira walinitumia tiketi na barua ya mwaliko. Siku ya kuagana Mama Kavira alinishika mkono wa koti mlangoni.

"Shemeji, nakujua mudomo yako. Usianze wewe. Mwenye binti haanzi."

"Sitaanza."

"Hata kwa mafumbo."

"Hata kwa mafumbo, Mama Kavira."

Asubuhi ya safari nilivuka Grande Barrière, mpaka wetu na Rwanda, kwa miguu, nikipishana na akina mama wanaoleta nyanya na maziwa mjini kwetu. Begi langu lilikuwa na kahawa ya Kivu, kitenge cha kumfunika mwenyeji, na jibini moja nzima ya Masisi, ya mviringo, niliyoichagua mwenyewe kwa kuigonga kwa kidole. Gisenyi nilipanda basi la Kigali, na Kigali nikapanda ndege, kisha nyingine. Kuhusu angani sina la kusimulia. Nilikaa katikati ya watu wawili waliolala.

Helsinki walinipokonya jibini. Mama mmoja wa forodha, mwenye sauti ya upole sana, aliitoa begini akanieleza kwamba vitu vya maziwa kutoka nje haviingii. Nilimwambia kwa Kifaransa kwamba jibini hiyo inatoka mahali penye barrière nyingi za barabarani na haijawahi kusimamishwa hata na moja. Hakujua Kifaransa, au alijifanya hajui. Iliniuma, na sitaficha kwamba iliniuma kuliko ilivyostahili. Mgeni wa posa anayefika na zawadi pungufu ameshaanza vibaya.

Kavira alinipokea nje. Alinirukia shingoni kama alivyokuwa akifanya akiwa mtoto, na watu waliokuwa wakipita wakageuza macho kwa heshima, kana kwamba wameona mtu anavaa nguo.

"Baba mudogo! Ulitembea muzuri?"

"Nilitembea muzuri. Mama yako anakusalimu. Wamekula jibini yako."

Tulipanda treni kuelekea kaskazini mashariki. Nje ya dirisha kulikuwa na miti, halafu maji, halafu miti tena. Nilingoja nione kijiji, hata soko la kando ya barabara kama pale Kalengera, ambapo gari likipunguza mwendo tu madirisha yanajaa ndizi na mikono. Sikuona kitu.

"Watu wako wapi?" nilimuuliza Kavira.

"Wako kwao."

"Kwao wapi?"

"Mu miti, Baba mudogo. Kila mutu na miti yake."

Jioni tulifika kwa mzee Erkki. Ni nyumba ya mbao iliyopakwa rangi nyekundu, kandokando ya ziwa dogo. Anaishi peke yake tangu mkewe afariki, na majira ya joto Antti na Kavira huenda kukaa naye likizo yao. Mzee alikuwa amesimama karibu na rundo la kuni, mrefu, mwembamba, nywele nyeupe. Alinishika mkono, akautikisa mara moja, akasema neno moja, akaingia ndani.

"Amesema karibu," akanitafsiria Antti.

Sasa, mtu akitoka Sake tu kuja Goma, kilomita hizo chache, anapokewa kwa maswali: njia ilikuwaje, watoto wanaendeleaje, mvua imenyesha. Mimi nilikuwa nimetoka upande wa pili wa dunia. Nilipewa kahawa na mkate mweusi, na mwenyeji wangu akakaa akiangalia ziwa kupitia dirishani. Kitenge alikipokea kwa mikono miwili, akakikunja vizuri sana, akakiweka juu ya kabati. Nilijiambia: amechoka, maneno ni kesho.

Kesho yake asubuhi alinigongea mlango. Alikuwa na buti za mpira mkononi na darubini mbili shingoni. Moja akanivika mimi, kama padri anavyomvika mtu rozari, akaanza kutembea. Antti alitufuata mpaka mwisho wa njia, ambapo pana kibanda kidogo cha mbao kilichojengwa ukingoni mwa maji. Ndani pana benchi moja, na mbele pana dirisha refu na jembamba lisilo na kioo.

"Papa Kasereka," Antti aliniambia mlangoni kwa sauti ya chini, "mule ndani hatusemi. Kuikka akisikia mutu, anaacha mayai, na ndege zingine zinakuja kuyakula. Mimi narudia nyumbani, benchi ni ya watu wawili."

Kuikka ni ndege wa majini, mkubwa kumpita bata, mwenye kichwa cha kijivu, shingo nyeusi mbele, na mgongo wenye madoa meupe yaliyopangwa kwa safu kama kitenge cha gharama. Nchi kavu hajui kutembea. Hujenga kiota chake ukingoni kabisa mwa maji, na mawimbi ya mashua zenye injini yakipanda kidogo tu, mayai yamekwenda. Antti alinieleza habari hizo baadaye, mezani. Erkki alipokuwa mtoto, kuikka walilea watoto katika ghuba ile iliyo mbele ya kibanda kila mwaka, na mama kuikka alionekana akipita na mtoto amempanda mgongoni. Kisha zikaja nyumba za mapumziko na mashua zao. Mzee alipostaafu alifunga magogo pamoja, akayafunika kwa udongo na majani, akaweka chelezo hicho katikati ya ghuba kiwe kinapanda na kushuka na maji. Kila mwaka ndege walikuja. Kila mwaka kitu kiliharibika: shakwe, kunguru, dhoruba. Mwaka huu mayai yalikuwa mawili na bado yalikuwepo, na mzee alikuwa na hamu ya jambo moja tu kabla moyo wake haujasimama, kumwona tena yule mtoto mgongoni mwa mama yake.

Hamu hiyo niliiona ni ya ajabu. Kule Vitshumbi sisi hatuangalii ndege, ndege ndio wanatuangalia sisi. Kongoti wanasimama kando ya akina mama wanaopasua samaki, wamekunja mabawa nyuma kama wakaguzi, na ukigeuka wamechukua matumbo. Hakuna aliyewahi kuwajengea kitu.

Basi tukakaa. Kimya cha watu wawili wasio wagonjwa na wasiogombana nilikuwa nakijua kanisani tu, kwa hiyo nilitoa rozari yangu nikasali. Nilipomaliza, Erkki alikuwa hajasogea. Nikaanza tena. Mbu waliingia kwa dirisha. Hawana malaria, lakini wana njaa. Katikati ya fungu la pili mzee alinigusa mkono kwa kidole kimoja, kisha akakielekeza kidole hicho nje. Niliweka darubini machoni. Ndege mkubwa wa kahawia na mweupe alikuwa amesimama hewani juu ya maji, anapiga mabawa mahali pamoja. Akaanguka, maji yakaruka, akapanda na samaki amemshika kichwa mbele, kama muuzaji anavyombeba asiteleze. Nilitaka kusema "Eeh!" Mzee aliniwahi kwa macho.

Hiyo ikawa lugha yetu. Kidole kwenye mkono, kidole nje. Alinionyesha korongo wa kijivu wawili wakitembea katika majani marefu na kifaranga chao katikati, kwa hatua za watu wanaotoka misa. Alinionyesha kigogota akilisha watoto tunduni, na vindege vidogo ambavyo hata kwa darubini nilivikosa mara tatu kwa nne. Siku za kwanza nilichoka kabisa. Kisha, sijui ni asubuhi ipi, nilijikuta nimeamka na kuvaa buti kabla hajagonga. Ilikuwa raha, nakiri. Ukikaa bila kusema, macho yanapata kazi.

Lakini mimi sikuwa nimetumwa macho. Tulirudi kwa chai, hakuna neno. Tulikula mchana, hakuna neno. Mzee Erkki hajui Kifaransa, mimi sijui Kifini, lakini Antti alikuwepo na angetafsiri. Nililikalia lile sharti la shemeji kama mtu anayekalia mwiba. Mwenye binti haanzi, akianza, anauza.

Jioni zilikuwa mbaya zaidi. Jua la huko, majira ya joto, linachelewa kuzama kama mgeni asiyejua kuaga, na hata likizama mwanga unabaki. Kila jioni mzee alikwenda kwenye kijumba cha mbao karibu na maji, akawasha moto, moshi ukapanda, kisha akaja kwangu na taulo mbili, akaonyesha kile kijumba kwa kichwa. Ndiyo sauna. Kavira alikuwa ameshanieleza: watu wanavua nguo zote, wanakaa pamoja katika joto, wanatoka jasho. Kila jioni niliweka mkono kifuani, nikainama kidogo, nikakataa. Huyu mtu alikuwa anakaribia kuwa mkwe. Kwetu na wakwe hata sahani mnapeana kwa uangalifu. Nitakaaje naye uchi kwenye ubao mmoja? Nilikataa kwa adabu na niliona nimefanya vyema. Mzee alikuwa akiangalia taulo, anakwenda peke yake, na hakai sana.

Goma walipiga simu.

"Ameshaomba?" aliuliza Mama Kavira.

"Bado."

"Munafanya nini huko siku zote?"

"Tunaangalia ndege."

Nyuma yake nikasikia kicheko cha Shangazi Masika kinachotambulika hata kutoka Sake. Mama Kavira hakucheka.

"Basi hawamutaki," alisema. "Mutu akitaka, anasema. Rudi, shemeji. Nitamuambia mutoto wangu mimi mwenyewe."

Nilimkuta Kavira jikoni akiosha vyombo vilivyokuwa tayari vimeoshwa. Alikuwa amesikia. Hakuniuliza kitu, kwa sababu binti haulizi jambo lake mwenyewe. Nilimhurumia sana. Nilichukua kitambaa nikafuta sahani, kazi ambayo mke wangu nyumbani hatasadiki kwamba niliifanya.

Siku moja kabla ya kuondoka, Antti alinikuta kwenye gogo nje ya nyumba. Alikaa, akazungushazungusha kofia yake.

"Papa, nikuulize kitu. Juu ya nini unakatala sauna? Baba anafikiri humupendi."

"Simupendi? Namuheshimu!"

"Huku kwetu maneno makubwa mutu anayasema mu sauna. Pale hakuna mukubwa, hakuna mudogo. Baba anawasha moto kila siku ili akuombe Kavira. Na wewe kila siku unakatala. Anaona umeshamujibu."

Nilicheka. Sikukusudia, lakini nilicheka mpaka nikashika mbavu, na Antti akaniangalia kwa wasiwasi.

"Antti, mutoto yangu," nilimwambia, "mutu ataomba binti akiwa uchi? Mbele ya mukwe? Kwetu mutu anaomba akiwa amevaa koti!"

"Na mezani asiombe?"

"Kavira yuko pale. Binti hasikie akiombwa. Wanaume wawili, pembeni, na koti."

Alifikiri, akainuka, akaenda kwa baba yake bila kuaga. Hapa niweke wazi: sikuanza mimi. Nilijibu swali. Kama shemeji atanifungulia kesi, huo ndio utetezi wangu.

Asubuhi ya mwisho mlango uligongwa kama kawaida. Nilifungua, na mzee Erkki alikuwa amesimama na koti jeusi la suti, shati jeupe, na tai. Mikono ya koti ilikuwa mifupi kidogo. Chini alikuwa amevaa buti za mpira, kwa sababu njia ya kibandani ina matope. Alinivika darubini yangu. Tukaenda, yeye mbele, na nilijitahidi nisitabasamu nyuma ya mgongo wake. Antti alibaki akipakia begi langu garini. Treni ilikuwa ya mchana.

Tulipokaa nilitazama chelezo moja kwa moja. Kilikuwa kitupu. Hakukuwa na ndege, hakukuwa na yai. Niliona mkono wa mzee ukikaza darubini, akipekua maji kutoka kushoto kwenda kulia, polepole, kisha akarudia. Midomo yake ilikuwa inacheza. Nilidhani anasali, nami nikashika rozari yangu kumsaidia. Moyo wangu ulikuwa mzito kwa ajili ya yai la ndege, jambo ambalo sikulitegemea.

Kisha akaweka darubini chini, akainuka. Paa la kibanda ni fupi, ikabidi ainamishe shingo. Akageuka kunielekea, mgongo wake dirishani, akafunga kifungo cha koti.

Na nyuma ya bega lake kuikka akatoka kwenye matete. Alikuja karibu kuliko siku zote, ametulia, hakuna hata wimbi. Mgongoni, katikati ya yale madoa meupe, palikuwa na kitu kidogo cheusi chenye manyoya laini, kimeinua kichwa kinaangalia dunia.

Nilifanya kama alivyonifundisha: nilimgusa mkono kwa kidole, nikakielekeza kidole nje, nyuma yake.

Aliona kidole. Aliijua vizuri ishara ile, maana ilikuwa yake mwenyewe. Macho yake yaliondoka kwangu kidogo, kichwa kikataka kugeuka, nikaona mshipa wa shingo umesimama. Hakugeuka. Alivuta pumzi, na kwa sauti kubwa kama ya mtu asiyesikia vizuri, akasema kwa Kiswahili, neno moja moja, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe:

"Papa Kasereka. Ninaomba binti yenu, Kavira. Kwa mutoto wangu, Antti. Tutamuchunga."

Kuikka alisikia sauti, maji yakapiga kishindo. Alipogeuka yalibaki mawimbi ya mviringo yanapanuka, na mbali sana, katikati ya ziwa, kichwa kimoja kikazuka na kuzama tena.

Tulisimama pale wawili. Alinitazama akiuliza, nami sikuwa na lugha, kwa hiyo niliinamisha mgongo, nikapeleka mikono nyuma kama mama aliyembeba mtoto, nikapiga hatua mbili. Mimi, mzee mwenye rozari na darubini, nacheza mama mzazi ndani ya kibanda. Alielewa mara moja. Alikaa kwenye benchi, akaangalia maji. Sikuona uso wake, na sikutaka kuuona.

Baadaye akanigeukia tena. Alikuwa anangoja jibu. Na jibu, kwa desturi yetu, sikuwa nalo: aliyetumwa kusikia hajibu, jibu linatoka nyumbani. Niliinuka na mimi, nikafunga kifungo cha shati langu la juu.

"Nimesikia," nilimwambia. "Nitafikisha."

Ndivyo inavyosemwa, na sijawahi kuona neno letu la heshima likiwa dogo namna ile. Aliitikia kwa kichwa kana kwamba limetosha.

Garini nilimwomba Antti amuulize baba yake kwa nini hakugeuka, walau kidogo, mimi ningengoja. Mzee alijibu kwa sentensi mbili, na kwake hizo ni hotuba.

"Anasema angegeuka, maneno yangetoka kichwani," Antti alitafsiri. "Alisoma usiku wote. Na anasema mugeni ana treni."

Safari ya kurudi ilikuwa ile ile, kinyume chake: miti, maji, watu waliolala, Kigali, milima. Katika basi la Gisenyi nilipata nafasi ya kufikiri. Siku zote nilidhani mtu asiyesema ana kiburi au hana kitu. Kumbe kule ziwani tulikuwa wawili, na mimi nilikuwa bubu kuliko yeye. Mimi nilinyamaza kwa sababu ya adabu, naye moto wake ulizimika kila jioni kwa sababu ya adabu, na kati ya adabu hizo mbili binti wa watu alikuwa anaosha sahani safi. Sijui kama desturi ina kosa. Najua tu kwamba mmoja ikabidi alipe, na si mimi niliyelipa.

Wiki tatu tulingoja ndugu wa Butembo wafike, kwa kuwa ujumbe wa posa hutolewa mbele ya wote. Siku hiyo Himbi walikuwa wamejaa sebuleni. Nilisimulia kama ninavyowasimulia ninyi, nikatoa yale maneno kama yalivyo, bila kuongeza.

"Alikuwa na koti?" aliuliza Shangazi Masika.

"Koti na tai."

"Na viatu?"

"Buti ya mupira."

Wakacheka mpaka majirani wakachungulia. Kisha mabishano yakaanza. Mmoja akasema posa ya kibandani si posa. Mwingine akauliza shahidi ni nani, ndege? Shangazi akasema mzungu amekariri maneno kama mtoto wa katekisimu, je, anajua hata maana yake? Nilitetea nilivyoweza, lakini walikuwa wengi na walikuwa na vinywaji. Mama Kavira alikuwa amekaa karibu na mlango. Hakuwa amecheka wala kubisha. Aliinua mkono, wakanyamaza.

"Shemeji, ile kitoto ya ndege. Kisha aliiona?"

"Apana. Kavira ananiambia walihamia ngambo ingine ya ziwa. Na yeye hawafuati na mutumbwi, anasema wataachana na mutoto. Saa hii imeshakomaa, inaogelea yenyewe. Mugongoni haipande tena."

"Na aliingoja tangu lini?"

"Miaka, Mama Kavira. Tangu aache kazi, kila mwaka."

"Na wewe ulimuonyesha na kidole."

"Nilimuonyesha."

"Na aliona kidole."

"Aliona."

"Na hakugeuka."

"Hakugeuka. Alikuwa anaomba."

Alijifunga kitenge chake upya kiunoni, kwa utaratibu, kama mtu anayetaka kuinuka kwenda kazini. Kisha akaninyooshea mkono.

"Leta simu," alisema. "Yule muzee asingoje kitu ingine tena."